Alama ndogo zinazobadili hesabu ya mfanyabiashara

Mfanyabiashara anayevuka kutoka Kobero kwenda Kabanga hushika fedha za aina mbili, faranga za Burundi na shilingi za Tanzania. Akiwa na mtoto aliyejifunza kompyuta, huenda akaandikiwa programu fupi ya kuzigeuza. Lugha moja inayofaa kazi hiyo ni Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Ni lugha nyepesi, lakini ina mambo mawili yanayoweza kumpunguzia mtu fedha bila yeye kujua.

La kwanza ni alama za nukuu. Kilichomo ndani ya alama hizo huhesabiwa kuwa maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. 500 + 500 ni 1000, lakini '500' + '500' ni 500500, na kompyuta hailalamiki hata kidogo. Tangu toleo la 3 lilipotoka mwaka 2008, kila jibu analoandika mtumiaji programu inapomuuliza huingia kama maandishi. Sharti ligeuzwe kwanza kuwa namba. Namba ya simu, kinyume chake, ibaki ndani ya nukuu, maana ikigeuzwa ile sifuri ya mwanzo hupotea.

Sisi tuliosoma katika shule za Tanzania tuna shida ya ziada. Kule 1,500 ni elfu moja na mia tano. Tuliporudi tukawakuta wenzetu waliosoma kwa Kifaransa wakiweka mkato mahali petu pa nukta, na kwao 1,500 ni moja na nusu. Python haimfuati kikamilifu hata mmoja wetu. Desimali yake ni nukta, na ukiandika 1,500 bila nukuu huona namba mbili, 1 na 500. Basi mkato na uachwe kabisa.

La pili ni kukadiria. Mwalimu alitufundisha kwamba nusu hupanda: 2.5 huwa 3. Amri ya round katika Python 3 hutoa 2. Si hitilafu. Nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo 2.5 huwa 2 na 3.5 huwa 4, ili katika mistari mingi jumla isielemee upande mmoja. Ni kanuni ya busara, lakini mteja aliyezoea kuona nusu ikipanda hatakubali faranga 1,250 pale anapodai 1,251.

Kuna jambo gumu zaidi. Bei ya kilo ikiwa dola 2.675, round kwa tarakimu mbili hutoa 2.67. Hapa si suala la shufwa. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na humo 2.675 haiingii sawasawa. Inayohifadhiwa ni pungufu kidogo sana.

Dawa yake ni decimal, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 2.4 la mwaka 2004, na ndipo nukuu zinaporudi zikiwa na faida. Decimal(2.675) huibeba ile namba pungufu, ilhali Decimal('2.675') husoma tarakimu kama ulivyoziandika. Kanuni ya kupandisha nusu huitwa ROUND_HALF_UP, nayo lazima uitaje mwenyewe, kwa kuwa hata decimal isipoambiwa hufuata shufwa.