Bia ya Nyumbani: Muda wa Kuipoza Kabla ya Kuijaza Chupani

Mbege hunywewa ingali ikichachuka, na mtengenezaji wake hana haja ya kungoja itulie. Mambo hubadilika pale pombe inapotiwa chupani na kufungwa kizibo. Wanaotengeneza bia ya nyumbani kwa kimea na hamira huuliza ipozwe kwa muda gani kabla ya hapo.

Siku mbili zinatosha, katika ubaridi wa nyuzi 0 hadi 4 za Sentigredi. Ndoo ya lita 20 huweza kuchukua siku nzima kabla ubaridi haujafika katikati. Kwa hiyo siku hizo zihesabiwe tangu bia yenyewe ilipopoa, si tangu ndoo ilipoingizwa jokofuni. Baridi huifanya hamira ishikane na kuzama chini kama mashapo, nayo bia ikang'aa. Baada ya wiki moja faida ni ndogo. Asiye na jokofu aiache mahali penye kivuli na ubaridi kwa wiki moja hadi mbili. Haitang'aa sana, lakini ukungu kidogo ndani ya glasi hauna madhara.

Hatari iko kwingine. Baridi huilaza hamira, haiiui. Bia ambayo sukari yake haijaisha ikipozwa huacha kutoa mapovu, na mtengenezaji hudhani kazi imekwisha. Akiifunga, kisha chupa ikakaa kwenye joto la nyumba, hamira huamka, hula sukari iliyosalia na kutoa hewa isiyo na pa kupitia. Chupa ya kioo hupasuka kwa kishindo, na vipande vyake vyaweza kumpofusha mtoto aliyekuwa akipita tu.

Kwa sababu hiyo, hakikisha bia imemaliza kuchachuka kabla ya kuipoza. Kipimo cha kuelea kiitwacho haidromita kikionyesha namba ileile kwa siku tatu mfululizo, na bia haijawa tamu mno, poza. Macho peke yake hudanganya. Asiye na kipimo hicho asifunge chupa za kioo kabisa. Bia na ibaki katika chombo chenye mfuniko uliolegea hadi siku ya kunywewa.

Wakati wa kujaza, nyonya bia kwa mpira safi kutoka juu ya mashapo, bila kuitikisa ndoo. Tumia chupa nene zilizotengenezwa kwa ajili ya bia, zilizooshwa na kutakaswa vyema. Anayetaka povu aongeze sukari isiyozidi gramu 6 kwa lita, kisha aweke chupa ndani ya kreti lililofunikwa, mbali na watoto, kwa wiki mbili.

Hayo ni kwa matumizi ya nyumbani. Anayekusudia kuuza anahitaji leseni ya vileo, na bidhaa iliyofungwa chupani inahitaji kuthibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Aanzie kwa Afisa Biashara wa Halmashauri, kabla ya kununua chupa.