Tasnifu Haina Kengele: Kwa Nini Wanafunzi wa Uzamivu Huachia Njiani

Sisi tuishio Amukura, karibu na mpaka wa Uganda, humpongeza kwa shangwe mwalimu anapojiunga na masomo ya shahada ya uzamivu. Ipitapo miaka mitano, shangwe hugeuka swali la chini kwa chini: kwani yule hajamaliza? Wako ambao hawatamaliza. Wameacha kimya kimya, na hata watu wa nyumbani mwao hawana habari.

Si upungufu wa akili uliowarudisha nyuma, kwani aliyefika uzamivu amekwisha kufaulu katika shahada mbili. Kinachobadilika ni namna ya kazi. Masomo ya darasani yana ratiba, mitihani na wenzi wa kukumbushana. Tasnifu haina kengele. Mtafiti hubaki na swali lake peke yake kwa miaka mitatu au zaidi, na hutakiwa pia achapishe makala 2 katika majarida ya kitaaluma.

Usimamizi nao una uzito wake. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 inamruhusu mhadhiri kusimamia wanafunzi wa uzamivu wasiozidi 3 kwa mwaka. Penye wasimamizi wachache, sura iliyowasilishwa yaweza kukaa miezi bila kurejeshwa, na ari ya mwandishi ikapoa. Karo nayo haisubiri. Wengi huilipa kutokana na mshahara ule ule unaolisha aila. Afundishaye Amukura na kusoma Eldoret hupita Bungoma na Webuye kwenda kuonana na msimamizi kwa saa moja, kisha hurudi kusahihisha madaftari.

Mwaka huo huo wa 2014, Tume iliwataka wahadhiri wawe na shahada ya uzamivu, na wasiokuwa nayo wakapewa miaka 5. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa maoni yetu, aingiaye masomoni kwa kuogopa kupoteza kazi, bila swali linalomkosesha usingizi, huwa na akiba ndogo ya subira siku za dhiki.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jamaa humwona mtu ameketi mbele ya karatasi, wakadhani amepumzika. Wakamtuma sokoni, wakamwita katika kila kikao. Kwa mama wa nyumba shida huzidi, kwani saa zake za kuandika huanza watoto walalapo.

Basi, wazazi na ndugu, tumpe msomi wetu saa mbili za utulivu kila siku, na tumwulize amefikia sura ya ngapi badala ya kumwuliza atamaliza lini. Naye akizidiwa, asitoweke: aombe chuoni kwa maandishi kuahirisha masomo, ili mlango ubaki wazi. Na akiamua kuacha baada ya kupima, tusimwaibishe.

Jirani zetu wa Alupe walipata chuo kikuu kamili mwaka 2022, baada ya miaka ya kuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Chuo hicho chahitaji wahadhiri, na baadhi yao huenda wameketi sasa hivi katika nyumba zetu, mbele ya sura ya nne.