Kilo Zetu Zimekwenda Wapi?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kusema mbele za watu. Sina maana ya kusema kwa wanasiasa. Hao wana walimu wao. Nina maana ya mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima, katibu wa kikundi cha akina mama, msimamizi wa kituo cha yatima na mwenye mashine ya kusaga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza kazi yake kwa sababu ya ufasaha wa ulimi. Lakini iko siku hana budi asimame aseme, na siku hiyo aweza kuiokoa kazi ya miaka kumi au kuiangusha kwa nusu saa.

Twendeni Isansa. Hii ni kata katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Wengi wenu mmeipita wilaya hiyo kwa basi mkielekea Tunduma, mpakani na Zambia. Mbozi ni nchi ya mahindi na kahawa, na kahawa yake ni arabika. Mkulima huchuma matunda mekundu, huyapeleka kumenywa maganda, kahawa ikaoshwa na kuanikwa, kisha ikapelekwa kukobolewa, na ndipo huuzwa mnadani. Kwa miaka mingi mnada huo ulikuwa Moshi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mkulima hakuuona mnada wala hakumwona mnunuzi. Alichobaki nacho mkononi ni stakabadhi, na masikioni ni maneno ya viongozi wake.

Sasa nipeni ruhusa nitoe mfano. Bei nimeiweka mimi ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme mkulima mmoja wa Isansa amepeleka chamani kilo 600 za matunda mekundu. Baadaye anasikia kwamba mnadani kilo moja ya kahawa safi imeuzwa kwa shilingi 10,000. Anakaa na jirani yake chini ya mti, wanapiga hesabu: kilo 600 mara shilingi 10,000 ni shilingi milioni sita. Siku ya malipo anapewa shilingi 850,000.

Msikilizaji, ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Mkutano mkuu unaitishwa. Mwenyekiti anasimama. Anamshukuru mgeni rasmi, anawashukuru viongozi wa kata na wa kijiji, wa dini na wa vyama, mmoja baada ya mwingine. Anaeleza hali ya soko la dunia. Anasema mwaka ulikuwa mgumu. Anasema yako "makato mbalimbali". Dakika arobaini zimekwisha. Anauliza kama kuna swali, na sauti kutoka nyuma inasema: "Kilo zetu zimekwenda wapi?" Watu wanapiga makofi. Kuanzia hapo mwenyekiti hata aseme nini, amekwisha kuwa mshtakiwa.

Lakini huenda mtu huyu hakuiba hata senti moja. Kilo moja ya kahawa safi hutoka katika kilo sita hivi za matunda mekundu, wakati mwingine karibu saba. Zilizopotea ni ganda la nje, ute, maji yaliyokauka juani, na lile ganda gumu linaloondolewa kiwandani. Kwa hiyo kilo 600 za matunda ni kama kilo 100 za kahawa safi. Kilo 100 kwa shilingi 10,000 ni shilingi milioni moja. Tuseme usafiri, ukoboaji, magunia, ushuru na gharama za chama vimechukua shilingi 150,000. Imebaki 850,000. Hesabu imetimia. Kilichokosekana ni mtu wa kuisema kwa namna ambayo mkulima angeweza kuipima mwenyewe.

Hapa ndipo penye neno langu la leo. Watu wengi hudhani kusema vizuri ni kusema kwa madaha, kwa misemo mizito na sauti ya kunguruma. Mimi nasema kwamba kwa chama kidogo au biashara ndogo, kusema vizuri ni kumpa msikilizaji kipimo anachoweza kukishika, na kumpa mapema.

Natilia mkazo neno "mapema". Mwenyekiti yule angefanya nini? Mwanzoni mwa msimu, matunda yanapoanza kuwa mekundu, angeitisha kikao kifupi penye mizani. Angepima kilo sita za matunda mbele ya wote, na kando yake angeweka mfuko wenye kilo moja ya kahawa safi. Angesema: "Ndugu zangu, hizi zikishapita mashineni, juani na kiwandani, zinakuwa hii. Bei mtakayoisikia mnadani ni ya hii, si ya hizo." Kisha angebandika ukutani orodha ya makato, kila kato kwa jina lake na kiasi chake kwa kilo. Kikao kizima kisingezidi saa moja. Maelezo yanayotolewa kabla ya fedha kufika ni elimu. Maelezo yale yale yakitolewa baada ya fedha kugawanywa huitwa utetezi, na mtetezi hana rafiki.

Wako watakaosema kwamba wakulima ni wagumu wa kuelewa. Sikubali. Wazee wa nchi hii wana kumbukumbu. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na wakulima hawakuulizwa. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha. Katika miaka iliyofuata mkulima ameshuhudia deni lisiloelezwa na malipo yaliyochelewa. Mtu wa namna hiyo anapouliza kilo zake zimekwenda wapi, anatumia akili. Tena Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaufanya mkutano mkuu wa wanachama kuwa mamlaka ya juu katika chama. Yule anayeuliza kutoka nyuma ndiye mwenye mali.

Na asipojibiwa, hagombani sana. Huondoka kimya kimya. Mwaka unaofuata humwuzia mlanguzi kahawa yake ikingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mlanguzi angalau humhesabia noti mkononi. Hivyo maneno machache yaliyokosekana chamani huishia kuwa ada ya shule iliyokosekana nyumbani.

Jambo la pili, msikilizaji, ni kuchagua. Mtu aliyeketi kwenye benchi tangu asubuhi hawezi kubeba mambo kumi na manne. Wengi wetu tunaikumbuka au tumesimuliwa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwanzoni mwa Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Jambo lilikuwa kubwa kuliko yote tangu uhuru, lakini aliloliacha katika vichwa vya watu lilihesabika kwa vidole vitatu: uwezo, sababu na nia. Hata mtoto aliyelisikia aliweza kulirudia nyumbani. Nawe mwenye kikundi cha ushonaji, kabla hujasimama jiulize: wakitoka hapa, nataka wamwambie nini aliyebaki nyumbani? Ukishindwa kulisema jambo hilo kwa pumzi moja, bado hujawa tayari.

Kwa hiyo niwaseme kidogo wenzetu wa mashirika na vikundi vya hiari juu ya risala. Mgeni rasmi anakuja, na kikundi kinasoma risala. Tunaomba gari. Tunaomba ofisi. Tunaomba maji, cherehani, mabati, ukarabati wa barabara, mafunzo na mtaji. Mgeni anajibu kwamba ameyachukua yote, naye kweli ameyachukua, kwa maana ameondoka nayo. Risala yenye maombi kumi inampa mgeni nafasi ya kutojibu hata moja. Risala yenye ombi moja, lenye kiasi chake, na iliyotaja wazi kile ambacho kikundi chenyewe kimekwisha kuchangia, inamlazimu aseme ndiyo au hapana mbele ya watu wote. Aandikaye risala na akate tisa abakize moja.

Jambo la tatu ni kumwachia msikilizaji nafasi. Nchi hii ilipata kuwa mwalimu wa dunia katika hilo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa kutumia Redio Tanzania, iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza kipindi juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni mbili. Lakini redio haikuachiwa kazi yote. Kipindi kilipokwisha, kiongozi wa kikundi aliyekwisha kupewa mafunzo aliwasomea kitabu kidogo, wakazungumza wao kwa wao, kisha wakakata shauri: katika kijiji chetu tutafanya nini? Vyoo vilichimbwa, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Walichimba kwa sababu uamuzi ulikuwa wao.

Linganisheni na mikutano yetu, ambapo msemaji hutumia saa mbili na maswali hupewa dakika tano "kwa sababu ya muda". Mimi ningegeuza. Theluthi moja ya muda iwe ya msemaji na mbili ziwe za wenye mkutano. Pale Mbozi wako wazee ambao Kinyiha ndiyo lugha ya moyo wao. Kiswahili wanakijua, lakini swali la fedha hulisema vema zaidi kwa lugha ya nyumbani. Awepo mtu anayeaminiwa wa kulirudia swali lao na jibu lake. Na jibu likiwa halipo, katibu aandike swali, ataje siku ya kulijibu, na siku hiyo alijibu. Neno "sijui, nitawaletea Jumamosi" halimvunjii kiongozi heshima, mradi Jumamosi afike nalo.

Na mfanyabiashara mdogo je? Naye ni yale yale. Mwenye mashine ya kusaga aliyeandika bei yake kwa debe ukutani, kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni, amekwisha kusema na wateja mia kabla ya kufungua kinywa. Mama muuza mchele wa Tunduma, ambako shilingi na kwacha hukutana kila siku, akitangaza mapema kwamba leo anapokea kwacha kwa kiwango fulani, hatagombana na mtu wakati wa kurudisha chenji. Bei ikipanda, mwambie mteja kabla hajapima, umweleze na sababu. Mteja husamehe bei iliyopanda, lakini ni nadra kusamehe kushtukizwa.

Habari mbaya nazo zina utaratibu wake. Zitangulie, na zisemwe na mkubwa. Chama kikipata hasara, mwenyekiti mwenyewe aiseme katika maneno yake ya kwanza: tumepoteza kiasi hiki, kwa sababu hii, na hatua tuliyochukua ni hii. Akianza na mafanikio na kuificha hasara ukurasa wa nane, watu watajua kwamba ameificha, na hata mafanikio yale watayatilia shaka.

Mwisho, juu ya salamu. Sisi ni watu wa heshima, na sitaki tuache kuwaheshimu wakubwa wetu. Lakini tunalo neno zuri: "itifaki imezingatiwa". Lilitungwa ili kuokoa muda. Ajabu ni kwamba msemaji hulitamka baada ya kuwataja watu kumi na tisa kwa vyeo vyao. Litamkwe mwanzoni, watu wakae, mizani iletwe mbele.

Kwa maana hatimaye, msikilizaji, yule wa nyuma hakuja kupima ufasaha wa mtu. Amekuja na stakabadhi yake mfukoni, imekunjwa mara nne, na hesabu aliyoipiga chini ya mti. Kiongozi anayetaka kuaminiwa na aanze na karatasi ile.