Plagi mpya zinajaa masizi? Angalia themostati
Wasikilizaji wetu wenye magari ya zamani hutuuliza kwa nini plagi mpya hujaa masizi mapema. Chanzo kimoja kiko kwenye upozaji. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huondoa themostati kabisa. Kifaa hiki huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, mara nyingi nyuzi 82 hadi 88. Kisipokuwepo, injini hukawia kupata moto, hula petroli zaidi, na plagi huwa nyeusi.

Rudisha themostati kwanza, ndipo ununue plagi. Bado linachemsha? Mwambie fundi akague rejeta, feni na pampu ya maji. Injini ikiwa moto, usifungue mfuniko wa rejeta: maji yataruka na kukuunguza.