Ukarabati wa nyumba: Joto na kelele havina tiba moja

WENYE nyumba wengi humwita fundi wakiwa na malalamiko mawili kwa pamoja: mchana nyumba ni tanuri, usiku kelele haziwapi usingizi. Fundi naye aghalabu huwa na jibu moja, kwamba iwekwe dari mpya. Fedha hutolewa, dari huwekwa, na macho hufurahi. Wiki chache baadaye mwenye nyumba hutambua kwamba joto limepungua kidogo, lakini ngoma za baa ya jirani zingali zinavuma chumbani kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Si lazima fundi awe mzembe wala bidhaa iwe mbovu. Joto na kelele ni maadui wawili tofauti, na kinachomzuia mmoja huenda kisimtishe mwingine hata kidogo. Anayetaka ukarabati wenye manufaa sharti ajue kwanza ni adui yupi anayemkabili, na anaingilia wapi.

Tuanze na joto. Katika nyumba nyingi za mabati, joto la mchana huingia kupitia paa. Bati likipigwa na jua la adhuhuri huwa halishikiki, nalo hurusha joto hilo chini kwa miali, jinsi makaa yanavyompasha moto aliyeketi kando ya jiko bila ya kuyagusa. Dawa ya miali ni kuirudisha ilikotoka. Karatasi ya alumini inayong'aa, ikitandazwa chini ya mabati, hufanya kazi hiyo kwa sharti moja: upande wake unaong'aa utazamane na nafasi ya hewa, walau ya sentimita mbili na nusu. Ikibanwa kati ya bati na ubao pasipo nafasi hiyo, haifai kitu, kwa kuwa alumini yenyewe hupitisha joto upesi.

Njia ya pili ni kutandaza pamba ya kioo au pamba ya mawe juu ya dari. Nguvu ya pamba hizi imo katika hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake. Kwa hivyo fundi anayeishindilia ili itoshee mahali pembamba huwa ameiharibu kabla haijaanza kazi. Aidha, pamba ikilowa huacha kuhami, hivyo ni lazima paa linalovuja lizibwe kwanza na matundu ya hewa yaachwe kati ya paa na dari ili unyevu utoke. Anayeishika avae glavu na kufunika pua na mdomo, kwani nyuzi zake huwasha.

Pamba hiyo haibagui majira wala mahali. Garissa na Kisumu huzuia joto lisiingie; Limuru na Nyahururu, baridi ya Julai inapouma, huzuia joto la ndani lisitoroke.

Waswahili wa zamani wa Lamu na Mombasa walifika huko kwa njia nyingine. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa karibu nusu mita, zilichukua saa nyingi kabla ya joto la nje kupenya hadi ndani. Kuta hizo zilikuwa na faida nyingine: ndani mlikuwa kimya. Siri ya ukimya huo haikuwa pamba wala hewa, bali uzito.

Hapo ndipo kelele inapotengana na joto. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo ukiupiga ukuta, ukuta nao hutikisika na kuupokeza upande wa pili. Kitu kizito hakitikisiki kwa urahisi. Kwa kanuni ya jumla, kuuongezea ukuta uzito maradufu hupunguza sauti inayopenya kwa takriban desibeli 6, na sikio huhisi kelele imepungua nusu inaposhuka kwa desibeli 10 hivi.

Kwa sababu hiyo, trei za mayai, sponji na mapazia havizuii kelele za jirani. Vyote ni vyepesi. Kazi ambayo sponji na mapazia mazito huweza kuifanya ni kumeza mwangwi ndani ya chumba, jambo linalofaa studio ya kurekodia, si anayetafuta usingizi. Sponji ya kawaida, tena, hushika moto upesi na kutoa moshi wenye sumu. Kuibandika ukutani mwa chumba cha kulala ni kukaribisha maafa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala la kelele, hata ukijenga ukuta, usipoziba ufa umefanya kazi bure. Ukuta wa mawe wa inchi tisa uliopigwa plasta pande zote mbili unaweza kupunguza sauti kwa desibeli 50 hivi. Lakini mwanya wenye eneo la asilimia moja tu ya ukuta huo hushusha kinga yote hadi takriban desibeli 20. Basi kabla ya kununua chochote, kagua sehemu ya chini ya mlango, pembe za fremu za madirisha, mahali mabomba yanapopenyea na visanduku vya soketi vilivyotazamana pande mbili za ukuta mmoja. Mlango wenye uwazi ndani nao ni mwepesi mno. Ubadilishe kwa wa mbao nzito.

Katika nyumba za kupangana, chungulia juu ya dari pia. Mara nyingi ukuta unaotenganisha majirani huishia kwenye dari, na nafasi iliyo chini ya paa ikawa ya wote. Mazungumzo hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Dawa yake ni kuupandisha ukuta hadi kwenye mabati.

Ikiwa ukuta wenyewe ni mwembamba, jenga wa pili mbele yake: fremu isiyougusa ule wa kwanza, pamba ya mawe ndani yake, kisha tabaka mbili za mbao za jasi, ambazo mafundi huziita jipsamu, na kingo zote zizibwe kwa gundi inayonyumbulika. Hapa pamba ina kazi ya kumeza sauti iliyonaswa kati ya kuta mbili. Dari ya kuzuia sauti nayo hufuata mantiki hiyo: mbao nzito zilizoning'inizwa kwa vishikizo vyenye mpira, si zilizopigiliwa moja kwa moja.

Vishindo vya miguu na kinu kutoka ghorofa ya juu ni kisa kingine. Hivyo husafiri ndani ya saruji na kuteremka kupitia kuta. Dari ya aliye chini huvipunguza kwa kiasi. Tiba bora ni zulia nene kwa aliye juu. Wakati mwingine mazungumzo na jirani huwa nafuu kuliko fundi.

Tahadhari mbili ni za uhai. Kwanza, baadhi ya nyumba za zamani zina mapaa au dari za asbesto. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Usiikate, usiitoboe wala usiivunje. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa kuiondoa na kuizika mwaka 2011, na kazi hiyo ni ya wataalamu walioidhinishwa. Pili, matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha hupitisha kelele nyingi, lakini ndiyo pumzi ya nyumba. Anayeyaziba yote kisha akawasha jiko la makaa ndani hujiua kwa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunusika. Yahamishiwe upande ulio mtulivu, au hewa ipitishwe kwenye kasha lenye kona kona, kwani sauti hupungua ikipinda.

Mwisho, mwenye nyumba asidhani mzigo wote ni wake. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 ziliweka kikomo cha desibeli 35 ndani ya makazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ilhali mazungumzo ya kawaida hufikia 60. Katiba ya 2010 nayo ilizikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Hivyo, ziba nyufa kwanza, ongeza uzito pale unapohitajika, tandaza pamba palipo na joto. Lakini spika inayotikisa mtaa mzima ipunguzwe sauti huko iliko. Hakuna dari inayoweza kuifanya kazi ya sheria.