Figo Mpya na Virusi vya Zamani

Aliyepandikizwa figo humeza dawa za kushusha kinga kila siku. Akiziacha, mwili huiona figo ile kuwa ngeni na kuishambulia. Lakini kinga ikishuka, virusi vilivyotulia mwilini tangu utotoni hupata mwanya. Daktari hulazimika kuvidhibiti bila kuipoteza figo.

Kati ya virusi hivyo, vile vya sitomegalo vina dawa. Aliye hatarini zaidi ni mgonjwa ambaye hakuwa navyo, kisha akapewa figo ya mtu aliyekuwa navyo. Huyo kwa kawaida hupewa vidonge vya valgansiklovia kwa miezi 6 ili asiugue. Akipata homa, kuhara au chembe nyeupe za damu zikapungua, na kipimo kikathibitisha virusi, hutibiwa kwa vidonge hivyo kwa dozi kubwa zaidi au kwa gansiklovia ya mshipani. Dozi hufuata uwezo wa figo. Kwa kuwa dawa zenyewe hupunguza chembe nyeupe, damu hupimwa mara kwa mara.

Virusi vya BK ni shughuli nyingine. Viligunduliwa London mwaka 1971, katika mkojo wa mgonjwa kutoka Sudan aliyekuwa amepandikizwa figo. Hadi leo havina dawa mahususi iliyothibitishwa. Mara nyingi havileti homa wala maumivu. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, hupanda tu kwenye majibu ya maabara, na hapo figo huwa imeshaumia. Kwa hiyo damu inafaa kupimwa virusi hivyo kila mwezi kwa miezi 9 ya mwanzo.

Ugumu ni kwamba kreatinini hupanda pia mwili unapoikataa figo, na tiba zake zinapingana: figo ikikataliwa, dawa za kushusha kinga huongezwa; ikiwa ni BK, hupunguzwa, mara nyingi kwa kuanza na ile iitwayo maikofenoleti. Ili kujua tatizo ni lipi, huenda daktari akachukua kwa sindano kipande chembamba cha figo kikachunguzwe kwa hadubini.

Basi wewe uliyepandikizwa, iwe Muhimbili, Nairobi au India, usijipunguzie dawa wala kuruka kliniki kwa sababu unajisikia mzima. Na siku ya kupima kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, katika damu, usimeze dozi ya asubuhi kabla ya kutolewa damu. Nenda nayo, uimeze baada ya hapo.