Je, Wajua? Kano ya goti ikikatika, mifupa nayo huvilia

Mchezaji akikatika kano ya mbele ya goti, ile mashabiki wa soka wanayoiita ACL, mara nyingi si hiyo tu iliyoumia. Goti linapoteguka, mfupa wa paja hugonga sehemu ya nyuma ya muundi, upande wa nje, na mifupa yote miwili huvilia ndani kwa ndani. Eksirei haioni mavilio hayo. MRI huyaonyesha kama mawingu meupe ndani ya mfupa, na daktari mzoefu akiyakuta mahali hapo huishuku ACL hata kabla ya kuitazama yenyewe. Kisha hukagua meniski (vile vitakio vilivyo kati ya mifupa hiyo miwili), gegedu na kano za pembeni.

Hata hivyo, MRI haioni kila kitu. Mchaniko wa nyuma ya meniski ya ndani huweza kuikwepa, maana mgonjwa hupigwa picha akiwa amenyoosha mguu. Mpasuaji ndiye huukuta kwa kamera. Na kile kibanzi cha mfupa kinachoweza kubanduka gotini ACL ikikatika, alichokieleza Paul Segond wa Ufaransa mwaka 1879, miaka 16 kabla ya eksirei kugunduliwa, mara nyingi huonekana vizuri zaidi kwenye eksirei ya kawaida. Kwa hiyo ukiambiwa upige picha zote mbili, usidhani unaliwa pesa.